Mvua Iliyonyesha Upande wa Pili

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Anselma Quashie alikwenda kwenye kipimamvua kilichosimama katikati ya uwanja, akatoa kichupa cha ndani, akakiinua usawa wa macho na kusoma. Wakati wa kiangazi kazi hiyo haina utamu wowote. Leo sufuri, kesho sufuri, na keshokutwa mkono unataka kuandika sufuri kabla hata hujainama. Lakini Anselma hakuchoka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alijiamini kweli kweli, na wenzake walisema kwamba ukitaka habari za mvua kisiwani kwetu Carriacou, katika bahari ya Karibi, usisumbuke na redio, muulize yeye.

Na mwaka huo kila mtu aliuliza. Mwezi wa tano ulikuwa unakwisha, na mbuzi waliofunguliwa tangu mavuno walikuwa wamebakiza vijiti vitupu. Kila siku mambo yalikuwa yale yale. Asubuhi mawingu mazito yanajipanga juu ya bahari upande wa mashariki, watu wanatoka na ndoo, halafu upepo unayachukua mawingu hayo yakanyeshee kisiwa kikubwa cha Grenada, kwa watu wenye mito, wasiojua hata shida ya maji. Sisi tunaachiwa jua. Carriacou haina mto hata mmoja. Maji yetu ni yale yanayoangukia mabati ya nyumba zetu, yakapita kwenye mfereji wa paa na kushuka kwa bomba mpaka tangi la saruji kando ya ukuta. Usipokinga, utakunywa jasho lako.

Anselma aliishi na bibi yake, Bi. Ismay, katika kijiji cha Grand Bay, upande wa pili wa mlima ukitoka mji wa Hillsborough alikosoma. Tangi lao lilikuwa la zamani, refu kwenda chini, na mwezi huo ndilo pekee kijijini lililobaki na maji ya kutosha. Kwa hiyo wanawake walikubaliana kwamba Jumapili, siku ya Maroon, ile karamu yetu ya kuomba mvua kabla ya kupanda, maji ya kupikia na ya kunywa yatoke kwa Bi. Ismay. Kijiji kizima kingekula na kunywa hapo, na wageni pia, maana Maroon haina mlango.

Wiki ile ile Bi. Ismay alipata nafasi hospitalini Grenada ya kutolewa mtoto wa jicho. Asubuhi ya safari alimwita mjukuu wake kando ya tangi na kumwonyesha bomba, ambalo lilikuwa limegeuzwa nje ili limwage chini.

"Mvua ya kwanza si ya kunywa," alisema. "Miezi yote hii paa limekusanya vumbi lile linalovuka bahari kutoka jangwani Afrika, na kinyesi cha ndege na mijusi. Acha mvua ilioshe kwanza. Ukiona maji yanatoka meupe, ndipo uligeuzie bomba tangini. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi. Mwaka jana si nilikuwepo?"

"Kuwepo ni kitu kingine, na kufanya ni kitu kingine."

"Bibi, mimi ndiye ninayepima mvua ya shule nzima."

Bi. Ismay alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya, basi nyumba nimeiachia serikali. Shangazi yako Theodora yupo hapo jirani. Ukikwama, muulize."

Shangazi Theodora ndiye aliyekuwa mkuu wa masufuria ya Maroon, mwanamke wa sauti nene na huruma nyingi, ingawa huruma hiyo aliificha vizuri. Mwanawe Kellon, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amempa Anselma jina la Mheshimiwa Wingu.

Jumanne, watoto wakiwa darasani, mvua ilishuka Hillsborough bila hodi. Mabati ya shule yaliunguruma, mwalimu akaacha kufundisha kwa sababu hakuna aliyemsikia, na uwanja ukageuka tope. Ilipokatika, Anselma alikimbilia kipimamvua na kusoma milimita ishirini na mbili. Darasa lilipiga makofi. Mwalimu Noel aliwakumbusha, kama alivyowakumbusha mara nyingi, kwamba kipimamvua kinapima mvua iliyokiangukia chenyewe tu. Anselma aliitikia kwa kichwa, lakini moyo wake ulikuwa umeshafika nyumbani.

"Milimita ishirini na mbili zinaosha paa la kanisa," alimwambia Kellon wakati wakirudi. "Letu limetakata zamani. Mvua ijayo ni ya tangi."

"Kama Mheshimiwa amesema, mimi nani," Kellon alijibu.

Walifika Grand Bay alasiri. Ardhi ilikuwa kavu, lakini kwa jua letu ardhi hukauka kabla hujamaliza kufua nguo. Majani ya mbaazi yalikuwa bado na vumbi, na Anselma aliyapita bila kuyatazama. Angemuuliza mtu mmoja tu, yeyote, angeambiwa kwamba huku hakukudondoka hata tone. Lakini hakuuliza. Anayejua huuliza nini?

Jumamosi alfajiri mvua ikaja kweli, ikitokea baharini na kupiga upande wetu wa kisiwa. Anselma alisikia matone ya kwanza juu ya bati, akaruka kitandani, akatoka na gauni la kulalia na kuligeuzia bomba tangini. Alisimama hapo akilowa, akisikiliza maji yakianguka ndani kwa kishindo, na furaha yake ilikuwa kubwa. Alijiona akimwambia Bibi, tangi limepanda, na hakuna hata tone lililopotea.

Mvua ilipokatika alifunua mfuniko na kutumbukiza ndoo. Aliivuta juu polepole. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na juu yake zilielea nyoya mbili, majani yaliyooza na vijitu vidogo vyeusi ambavyo mtu yeyote mwenye mijusi darini anavifahamu.

"Hee," Kellon alisema nyuma yake. Alikuwa ametoka na gunia kichwani. "Mheshimiwa Wingu, umetupikia chai."

Anselma hakucheka. "Lakini paa lilioshwa Jumanne."

"Lilioshwa na nani? Mama alianika mahindi Jumanne kutwa nzima. Angenyeshewa, si tungehama kijiji kwa kelele zake?"

Hapo ndipo Anselma alipoelewa. Mvua ya Jumanne ilikuwa ya Hillsborough, ikaishia mlimani. Aliketi juu ya ukingo wa tangi. Akiba yote ya Bibi, maji ambayo kijiji kilikuwa kikiyategemea kesho, yalikuwa yamechanganyika na uchafu wa miezi, na aliyeyachafua ni yeye mwenyewe.

Kellon alimwonea huruma. "Sikiliza, funika. Mpaka jioni taka zitazama chini, juu patabaki peupe. Na vyakula vitachemshwa. Nani atajua?"

"Na ya kunywa je? Yale ya kwenye mitungi hayachemshwi."

"Watu hawafi kwa kunywa kikombe kimoja."

Anselma alirudisha mfuniko. Wazo lile lilikuwa rahisi, na alilitamani, tusidanganyane. Alikuwa bado amekaa hapo alipokuja Tessa, mtoto wa jirani wa miaka minne, na kikombe chake cha bati, kama alivyozoea kila asubuhi.

"Dada Anselma, maji."

"Leo hakuna, Tessa. Nenda kwa mama."

"Yapo. Mimi nimesikia yakiingia."

"Yapo, lakini ni machafu. Yatakuumiza tumbo." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alimtazama Kellon. "Nikimnyima huyu leo, kesho nitampa kwa mdomo gani?"

Kellon alikuna kichwa. "Mama atakutafuna mzima mzima."

"Anitafune," Anselma alisema, akaondoka na ndoo yake ya maji ya kahawia, moja kwa moja mpaka jikoni kwa shangazi yake, Kellon nyuma yake.

Shangazi Theodora alikuwa akimenya mbaazi. Anselma aliweka ndoo mbele yake na kueleza yote, mvua ya shule, bomba, mpaka ile hamu ya kufunika na kukaa kimya. Hakulia wala hakumtaja mwingine. Shangazi alitumbukiza mkono kwenye ndoo, akautazama, kisha akautikisa.

"Mimi nilikuwa umbali gani na wewe?" aliuliza. "Baharini? Ng'ambo? Si ukuta tu?"

"Ukuta tu, Shangazi."

"Na ulimi ulikuwa umemwazima nani?"

Shangazi alimsema kwa muda mrefu, na majirani walipunguza mwendo wapate kusikia vizuri. Alipomaliza, alijifuta mikono. "Haya. Nimeshakasirika, sasa tufanye kazi. Hilo tangi halitoi hata kijiko kwa karamu. Kellon, chukua lile kombe la bahari ukalipulize barabarani."

Mlio wa kombe la bahari uliwaleta watu. Shangazi aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari: tangi la Bi. Ismay limechafuka, na kila nyumba itoe ndoo moja kutoka kile kidogo ilicho nacho. Watu walinung'unika. Aliyenung'unika zaidi ni Bwana Cuthbert mwenye duka, ambaye mapipa yake ya maji yalijipanga nyuma ya nyumba yake.

"Kosa la mtoto mmoja, sote tubebe ndoo," alisema.

"Ndiyo," Shangazi alimjibu. "Au tubebe wagonjwa. Chagua."

Vijana walianza kuchota yale maji machafu. Hayakumwagwa ovyo. Mengine waliwaogeshea mbuzi na kondoo, mengine yakapelekwa kwenye mashimo ya ndizi. Kisha Anselma na Kellon waliteremka kwa ngazi na kusugua saruji kwa brashi na sabuni, wakaisuuza, na kutoka humo jioni wakiwa na rangi moja na tangi.

Shangazi hakumwacha apumzike. Alimpa bilauri ya kioo na kumsimamisha mlangoni mwa jiko la nje. "Kila ndoo ipite kwako. Teka, inua kwenye mwanga, tazama. Isiyofaa, irudi."

Ndoo zilikuja moja moja, nyingine kichwani, nyingine kwenye toroli. Anselma aliteka, akainua, akapitisha. Ilipofika ndoo ya Bwana Cuthbert, aliitazama bilauri kwa muda. Ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipinda na kunyooka.

"Hii hapana, Bwana Cuthbert. Ina mbu."

Bwana Cuthbert alimtazama kuanzia utosini mpaka vidoleni. "Wewe? Uliyeharibu tangi la bibi yako asubuhi hii hii, jioni unanichagulia maji mimi?"

Shangazi Theodora hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sufuria. "Cuthbert, mtoto huyu leo amekataa maji ya kwao wenyewe, na hakuna aliyemwona. Yako atayaogopa nini?"

Kicheko kilichofuata kilimsindikiza Bwana Cuthbert mpaka nyumbani kwake. Baada ya muda alirudi na ndoo nyingine, maji meupe kabisa, akaisimamisha mbele ya Anselma na kungoja. Ilipopita, alisema asante, kisha akaenda kufunika mapipa yake kwa nyavu.

Jumapili Bi. Ismay alishuka kwenye boti ya mchana, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe. Anselma alimpokea mzigo, na kabla hawajafika barabarani alikuwa amemwambia kila kitu. Hakutaka asikie kwa wengine. Bi. Ismay alipofika nyumbani alitaka kwanza kupelekwa kwenye tangi, akadondosha kijiwe ndani, na kijiwe kikagonga saruji kavu.

Jioni ngoma zilipokuwa zimekolea, na ugali wa kuviringisha, samaki na nyama ya moshi vimeshapakuliwa juu ya majani ya ndizi, mawingu yalikuja tena kutoka baharini. Safari hii hayakupita. Watu waliendelea kucheza huku wakilowa. Bi. Ismay alimvuta mjukuu wake.

"Paa lilioshwa jana. Nenda kaligeuze bomba."

"Nitatazama kwanza, Bibi," Anselma alisema, akaondoka mbio. Alikinga viganja chini ya bomba, akatazama, akangoja, akatazama tena. Maji yalipokuwa meupe, aliligeuzia tangini.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Bi. Ismay alimwita, wakaketi mlangoni.

"Kujiamini si kosa," alisema. "Ungekuwa mwoga nisingekuachia nyumba. Ulikosea kwa kuliamini jambo usilokwenda kulitazama. Mvua ya Hillsborough ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yetu. Siku nyingine tembea, inama, uliza. Lakini nyumba zote zile zimekula na kunywa jana, na leo hakuna mtoto anayelia tumbo. Hilo umelifanya wewe, uliposema mapema huku ukiogopa. Akiba ya maji nitaipata tena, mvua ndiyo hii. Mtu wa kunieleza ukweli nyumbani kwangu ningempata wapi?"

"Na sasa nina kiu," alisema Bi. Ismay.

Anselma alichota kikombe kutoka kwenye tangi na kumwekea mkononi. Jicho moja la Bi. Ismay lilikuwa limefungwa, na la pili lilikuwa halijawahi kuona vizuri. Alikipeleka kikombe mdomoni, akanywa maji yote, na hakuuliza kitu.