Bado Yupo Mmoja

Programu zote zilikuwa zimefungwa, na bado mashine ilisema kuna mmoja anatumia memori.

Swaumu aliitazama ile namba akasonya. Kazi yake ilikuwa kutunza kiini cha mashine za mauzo, vile vidude vya kaunta vilivyojaa madukani Kariakoo. Kiini ndicho kinachogawa memori: programu ikiomba nafasi inapewa, ikimaliza inarudisha, na kiini kinahesabu ni wangapi bado wanaishikilia. Hesabu ikifika sifuri, nafasi inapewa wengine. Tangu toleo jipya lisambazwe, hesabu ilikuwa inagota kwenye moja. Memori ililiwa kidogo kidogo mpaka mashine inaganda, mteja kasimama na mzigo wake, mwenye duka anatukana.

Alikuwa peke yake ofisini, kama kawaida. Bosi wake, Ansbert, alishahamia Moshi na kuongoza kwa simu. Wenzake walipunguzwa mmoja mmoja. Kilichobaki ni chumba cha ghorofa ya nne Mtaa wa Narung'ombe, katikati ya stoo za viatu, na Swaumu. Chini, spika za wamachinga zilipayuka kutwa na watu wakasukumana hadi mikokoteni ikakosa pa kupita, naye huko juu angeweza kumaliza siku nzima bila mtu kumwita jina lake. Aliyekuwa akimwita ni mama yake, naye alifariki mwezi wa Ramadhani. Hata kula alikula amesimama.

Akaanza kumsaka mdudu, yaani kosa lililojificha, kwa njia ya mafundi: chukua toleo zima na toleo bovu, jaribu la katikati. Likiwa zima, kosa limeingia baada yake. Likiwa bovu, limeingia kabla. Kata nusu, kata tena. Mwisho ukabaki mstari mmoja tu wa msimbo wa programu, unaoongeza moja kwenye hesabu na usiopunguza kamwe. Aliyeuandika: Swaumu mwenyewe.

"Mimi?" alisema kwa sauti. Hakukumbuka kuuandika.

Alichokumbuka ni mchana wenyewe. Alikuwa anaandika, adhuhuri imepita, mara spika zote za chini zikakatika kwa mpigo. Katika kimya kile mtu akamwita kutoka upande wa stoo, mara moja tu, vilevile alivyoitwa utotoni: "Swaumu wee!" Na Swaumu, mtoto wa Ilala, aliyefundishwa kabla hajang'oa meno ya utoto kwamba ukiitwa na usiyemwona unanyamaza, kwa sababu binadamu atarudia kuita na jini hatarudia, huyohuyo Swaumu aliitika.

"Abee, mama."

Lilimtoka kabla hajafikiri. Na lilimtoka kwa furaha, hilo ndilo lililomuuma.

Aliufuta mstari, akawasha mashine upya, akafungua programu na kuzifunga. Hesabu ikashuka mpaka moja, ikagoma. Alipofungua msimbo, mstari ulikuwa umerudi mahali pake. Ndipo harufu ya udi ilipoanza kuingia kwenye chumba ambacho siku zote kilinuka gundi ya viatu, ikaingia taratibu kama mgeni anayeijua nyumba, ikamzunguka mabegani, na Swaumu akabaki ameshika ukingo wa meza, hathubutu kugeuka, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba kiti cha nyuma yake, kile kilichokaa kitupu tangu wenzake waondoke, kilikuwa kimelia mlio wa mtu anayejiweka vizuri.

Simu ikaita. Akaruka. Ni Husna, mwenye duka la vitenge mtaa wa pili.

"Dada Swaumu, njoo uchukue mashine yako." Alikuwa ananong'ona.

"Imeganda tena?"

"Kuganda nimezoea. Hii inaniita. Inaniita kwa sauti ya marehemu mume wangu. Leo nusura niitike."

"Usiitike! Nakuomba dada, chomoa waya, toa na betri."

"Nimeshatoa," alisema Husna.

Mama mdogo Zamda, ndugu wa mama yake na mganga anayejulikana Ilala nzima, aliitwa kwa simu, akafika kabla ya magharibi na chetezo chake kwenye kikapu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekwisha hivi?" Alinusa hewa, uso ukabadilika. "Umeitika."

"Nimeitika. Ilikuwa sauti ya mama."

"Sikulaumu. Hata mimi ningeitika." Alitia ubani kwenye makaa. "Sikiliza. Ulimpa ruhusa ya kukaa, na ruhusa hiyo inafutwa kwa kunyamaza. Na kwa kuwa ameshaitikiwa, atakuita tena. Safari hii atabembeleza. Ukinyamaza, atatoka, na sauti hiyo huisikii tena. Ukiitika, hatoki, na huko madukani wataitika mmoja mmoja."

"Kwa hiyo namfukuza mama?"

"Si mama yako huyo."

"Najua. Lakini sauti ni yake."

Mama mdogo akapuliza makaa.

Spika za chini zikakatika. Swaumu akaufuta mstari, na sauti ikaanza pale pale, karibu kabisa na sikio lake: "Swaumu wee," halafu "Swaumu, mwanangu," halafu, kwa ule upole wa mama anayefunua sufuria jikoni, "umekula lakini?" na Swaumu akatia upande wa kanga mdomoni, akauma mpaka taya zikauma, machozi yanamtiririka mpaka kifuani, huku mama mdogo amemkamata mkono na kusoma chinichini bila kupumzika, na sauti ikiuliza tena na tena kwa nini haitikiwi, amekosa nini, mpaka ikaanza kulia, ikawa inalia inakwenda mbali, ngazi kwa ngazi, ikaisha.

Kelele za mtaani zikarudi. Kwenye kioo hesabu ilisoma sifuri.

Alilituma toleo jipya. Husna akaandika kwamba mashine imetulia. Ansbert akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Nyumbani Swaumu alitaka kumsikia mama yake halisi, ajiliwaze. Alifungua ujumbe wa sauti ambao mama aliwahi kumtumia. Sekunde zilikwenda, kuku wa jirani walisikika, mwiko uligonga sufuria, lakini mama hakusikika. Akafunga macho. Uso aliuona, mikono aliiona, maneno aliyajua yote. Hayakuwa na sauti.

Akampigia mama mdogo.

"Mama mdogo, nisaidie. Mama alikuwa ananiitaje? Niigizie tu."

"Si alikuwa..." Zamda alianza, akakwama. Swaumu alimsikia akijaribu tena, mdomo unafunguka na kufungika. Walikuwa wa tumbo moja wale, wamelala kitanda kimoja mpaka mmoja akaolewa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, na alikuwa analia, "hivi dada alikuwa na sauti gani?"