Njia ya Babu Niliyoipitisha Uani Kwangu

Mie nina miaka sabini na mbili, nimefiwa na mke. Shule niliishia darasa la tatu, mnisamehe, naandika kama ninavyoongea.

Babu yangu Mnyamwezi alikuja pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Huku juu ya Ubungo goti likamshinda, akaoa, akakaa. Goti hilo na mie ninalo... basi, tuliache.

Mwaka juzi wakaja watu wa mradi. Walitaka kuifufua njia ya wale wazee wabeba pembe, wageni waitembee toka Tabora mpaka baharini. Wakaniuliza, ilipita wapi hapa? Ndugu zangu, nikawaambia ilipita uani kwangu! Kwa nini? Sifa tu! Nilitaka kibaraza changu kipigwe picha.

Mzee Pazi, Mzaramo, mtani wangu tangu ujanani, akaangua kicheko mbele yao.

"We Mnyamwezi muongo! Babu zako walipita bondeni kule. Hapa kwako walipitaga mbuzi!"

"Wivu huo, Mzaramo! Nenda kacheze ngoma!"

Wote tukacheka. Nani anaamini maneno ya mtani?

Wakachimbia vigingi. Kimoja kikaingia nyuma ya jiko, pembeni ya kaburi la mke wangu, Mwajuma. Nikajiambia, kijiti tu hicho.

Pazi akanifuata. "Mtani, kawaambie ukweli. Watamfukua shemeji."

Nikamjibu atangulie yeye kaburini, sanda nitanunua mie. Akasema leo hatanii. Nikazidi kucheka! Sie mtani hata akilia, unacheka.

Halafu ikaja alama ya X, nyekundu, ukutani kwangu, nyumba ivunjwe kupisha njia! Nikakimbilia kwa watu wa mradi, nikakiri. Wakasema ramani imeshapitishwa, na shahidi wa njia ni mie mwenyewe. Ningemlaumu nani?

Siku ya kumhamisha Mwajuma nilimsubiri Pazi. Tulipomzika mara ya kwanza alijilaza kaburini, akadai hatoki mpaka alipwe, waliokuwa wanalia wakacheka. Safari hii alishika jembe, akachimba kimya.

Nikamchokoza, "Mzaramo, leo hudai kitu?"

Alifukia, akanawa mikono, akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko ile X.

Wenzangu, msitie chumvi habari za wazee wenu kwa kutaka sifa. Na mtani akirudia neno lile lile mara ya pili, acha kucheka, msikilize!

Sasa nimepanga chumba Manzese. Wageni wanapita pale palipokuwa jiko langu, wanapiga picha. Njia ya babu iko bondeni, imeota majani, na Pazi hajanitania tena.