Meli ya Spès, Meza ya Mwandu

“Kwenye meli unalipia kitanda tu,” Mwandu alisema. “Wali unalipia, chai unalipia, mpaka soda. Kwa masista unalipa mara moja, basi. Unakula, unalala, hata maji ya kuoga wanakuletea mlangoni.”

“Na ukishashiba unaangalia nini?” Spès akamuuliza.

“Naangalia ziwa.”

“Ziwa hilo hilo asubuhi, hilo hilo jioni.”

“Sasa we unataka ziwa libadilike?”

Walikuwa wamekaa kwenye hoteli ya Katarina, sokoni Kashaulili, mjini Mpanda, chai imeshapoa mbele yao. Harusi ilipangwa mwezi wa nane, baada ya mavuno ya mwaka ule wa tisini na tatu. Kanisa lilikuwa tayari, mahari ilishapelekwa, kilichobaki ni fungate. Wenzao wa Mpanda wakishaoana hulala kwao na asubuhi wakaamkia kazini. Hawa wawili walitaka kwenda mahali, na ndipo ugomvi ulipoanzia.

Spès alitaka meli. Wapandie Karema, wapande nayo ziwa hadi Kigoma, kisha warudi nayo. Mwandu alitaka nyumba ya wageni ya masista pale pale Karema, wafike, wakae, wasiondoke. Katarina, ambaye aliwahi kusafirisha dagaa kwa meli na aliwahi kulala kwa masista alipougua, aliombwa aamue. Akasema meli ni ghali kwa mtu mwenye njaa, na kwa masista ni ghali kwa mtu asiyejua kutulia. Kwa hiyo waangalie nani kati yao ana njaa. Akaenda zake jikoni.

Usiwacheke. Mwandu alikuwa mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa njiani. Baba yake alitoka Shinyanga na ng'ombe, akapita Tabora, akashuka hadi Kasokola akifuata majani, na utoto wote wa Mwandu ulikuwa ni kuamshwa na kuambiwa funga mizigo. Sasa alikuwa na duka lake la mchele, na kitu alichokitamani kuliko vyote ni kukaa kwenye kiti, chakula kikaja chenyewe, na pasiwepo wa kumwambia kesho tunahama.

Spès naye alikulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walimbeba mgongoni kutoka Burundi akiwa hajaanza kutembea. Tangu hapo, kutoka makazini ilikuwa lazima kibali. Kibali cha kwenda hospitali, kibali cha kuja Mpanda kushona nguo barazani kwa Katarina, mkabala na duka la Mwandu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia chombo kinachotembea mchana na usiku, kila bandari ina watu wake, utamlaumu?

Lakini Mwandu alikuwa na sababu nyingine, na hakuisema. Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi Burundi, na Warundi wengi wa Katumba walikuwa wanaanza kurudi kwao. Baba yake Spès, mzee Celestin, alikuwa ameshafunga mizigo. Ukifika Kigoma, Burundi ni pua na mdomo. Mwandu aliogopa kwamba mke wake ataviona vilima vya kwao, atamshika baba yake mkono, na meli itarudi na mume peke yake.

Badala ya kusema hivyo akasema soda ya kwenye meli ni ghali.

“Nimeshawalipa masista,” akamaliza. “Nilimpa dereva wa lori hela akawapelekea.”

Spès akasukuma kikombe pembeni.

“Bila kuniuliza?”

“Nilijua utabisha.”

“Basi nenda na masista wako,” Spès akasema, akachukua mkoba wake akaondoka. Kibali chake kilikuwa kinaisha siku ile.

Haikupita wiki, akaja ng'ombe.

Aliletwa Kasokola, kwenye boma la kina Mwandu, na jirani wa mzee Celestin aitwaye Sixte, mtu wa makamo ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu. Alimfunga mtamba nguzoni, akasalimu kwa mikono miwili, akasema, “Celestin amewapa,” akageuka na kuanza safari ya kurudi.

Mama yake Mwandu, Nyanzala, alimzunguka yule ng'ombe mara moja tu. Alimjua. Alikuwa na baka jeupe begani, na ndiye mtamba aliyekuwa mzuri kuliko wote katika ng'ombe wa mahari waliopelekwa Katumba. Na kwa Wasukuma ng'ombe wa mahari akirudi, hakuna haja ya maneno. Msichana amekataa.

Mwandu alipofika jioni alimkuta mama yake amekaa chini, hajawasha moto.

“Wamekataa, mwanangu.”

“Wamesema nini?”

“Wamesema nini zaidi ya huyo?”

Mwandu alimtazama yule mtamba, na mtamba akaendelea kula majani. Mwanamume anayeweza kubishania bei ya mchele mpaka soko likafungwa alishindwa kwenda Katumba kuuliza swali moja. Aliona aibu. Alijiambia kuwa amekataliwa kwa sababu ya meli, na kwamba Spès anaondoka na baba yake. Dukani hakuweza kukaa. Barazani kwa Katarina cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na kila mteja aliyekuja kununua mchele aliuliza fundi yuko wapi.

Akafunga duka. Akapanda lori la Karema.

Masista hawakuwa na habari ya kukataliwa wala ya ng'ombe kurudishwa. Walipokea malipo ya watu wawili, wakaandaa ya watu wawili. Sista Capitoline, mkuu wa nyumba ile, alimpokea getini akachungulia nyuma yake.

“Na mwenzako?”

“Anakuja,” Mwandu akasema. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

Kwa hiyo kila mlo waliweka sahani mbili. Asubuhi vikombe viwili vya chai na mikate. Mchana wali na migebuka wa ziwani, sahani moja kwake, ya pili mbele ya kiti kitupu imefunikwa kawa. Hata maji ya kuoga waliweka ndoo mbili, na ya pili ilipoa pale pale mlangoni. Kila kitu alichomwambia Spès kilikuwa kweli. Chakula kilikuja chenyewe, hakuna aliyemwambia hama, kiti kilitazama ziwa. Mwandu alikaa kwenye kiti hicho akagundua kuwa hajawahi kuwa mpweke hivi hata alipokuwa mdogo porini na ng'ombe, maana ng'ombe angalau walimjua.

Sista Capitoline aliacha kuuliza. Jioni moja alikuja kuondoa vyombo, akaona sahani ya pili haijaguswa, akaifunua, akaifunika tena.

“Kesho tuweke moja?”

“Weka mbili, Sista,” Mwandu akasema. Sista akaitikia kwa kichwa.

Huko nyuma, Spès alipata kibali kipya akaja mbio Kashaulili, akakuta duka limefungwa. Alitegemea kumkuta Mwandu amenuna, akajiandaa kwa hilo. Hakujiandaa kwa kufuli.

“Amekwenda fungate peke yake,” Katarina akamwambia. “Mimi tangu nizaliwe sijaona. Na wewe nawe, kama humtaki si ungemwambia? Kumrudishia mtu ng'ombe!”

“Nani karudisha ng'ombe?”

Katarina akamweleza. Spès hakukaa hata kunywa maji. Alitembea hadi Kasokola, akamkuta Nyanzala anapepeta mpunga, akapiga magoti mbele yake.

“Mayu, mama yangu, yule ng'ombe hakurudishwa.”

“Si huyo hapo zizini?”

“Kwetu mzazi akipokea ng'ombe wa mahari, baadaye anatoa mmoja anawapa watoto. Tunaita indongoranyo. Asipotoa, watu wanasema kamuuza binti yake. Huwa anasubiri ndoa ifungwe, ng'ombe wazae, ndiyo atoe. Data, baba yangu, hawezi kusubiri. Anaondoka. Kamchagua aliye mzuri kuliko wote akamleta.”

Nyanzala aliweka ungo chini. Aligeuka akamtazama mtamba kana kwamba ndiye aliyemdanganya.

“Mwanangu kaondoka hapa hali chakula,” akasema. “Nenda wewe mwenyewe. Mimi nikimwambia atadhani namfariji.”

Mzee Celestin alikuwa anasafiri kwa njia hiyo hiyo, maana Warundi wa kundi lake walikuwa wanapandia meli Karema. Spès akapanda naye lori, juu ya mizigo, godoro moja, sufuria, jembe, na picha ya marehemu mama yake iliyofungwa kwenye khanga. Walifika mchana, vumbi hadi kwenye kope. Baba akabaki ufukweni na wenzake. Spès akauliza njia ya kwenda kwa masista.

Mwandu alikuwa mezani. Alisikia hatua, akadhani ni Sista. Kiti cha pili kikavutwa, kawa likafunuliwa, na Spès akaanza kula bila kunawa.

Alikula robo ya sahani ndipo akasema.

“Kweli. Hapa hulipii tena.”

Mwandu akasukuma sahani yake pembeni.

“Mmenirudishia ng'ombe,” akasema.

“Tumekupa ng'ombe.”

Akamweleza kama alivyomweleza Nyanzala. Mwandu alisikiliza, macho kwenye mikono yake. Spès alipomaliza, Mwandu hakucheka wala hakumkumbatia. Aliuliza swali alilopaswa kuuliza tangu kwenye chai ya Katarina.

“Spès, unaondoka na baba yako?”

“Hilo ndilo lilikuwa linakusumbua?”

“Meli inakwenda huko.”

“Inakwenda na inarudi. Nilitaka tumsindikize wote, mimi na wewe, mpaka Kigoma. Nimwone anavyoondoka nikiwa na mtu wa kunishika. Nilidhani nikikwambia, utajua nataka kukimbia.”

“Ningejua hivyo hivyo.”

“Kwa hiyo nikakwambia nataka kuona bandari.”

“Na mimi nikakwambia soda ni ghali.”

Hapo ndipo Spès alipolia. Alilia kwa ajili ya baba yake, kwa ajili ya mama aliyebaki kwenye kaburi la Katumba asiye na wa kumpalilia ila yeye, na kidogo kwa ajili ya huyu mjinga aliyekuwa anamlinda kwa bei ya soda. Sista Capitoline alitokea, akaona sahani ya pili imeliwa, akasema jambo moja tu, kwamba cheti cha ndoa hajakiona, na msichana atalala upande wa masista.

Meli ilifika kesho yake, ikasimama mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikaanza kupeleka watu. Mzee Celestin alimshika Mwandu mkono kwa mikono yake miwili. Alimuuliza kama mtamba anakula vizuri. Mwandu akasema anakula, na akaomba radhi. Mzee akasema na yeye angekasirika.

Spès alikuwa amesimama pembeni, kibali mkononi. Kiliandikwa Kigoma, kwenda na kurudi.

“Nisipokwenda, atapanda bila mwanawe,” akasema. “Hela ya tiketi ninayo ya mmoja tu. Na wewe zako zote ziko kwa masista.”

Hapo Mwandu angeweza kusema usiende. Angesema, Spès angebaki, nina hakika, na wangeoana na kuishi. Lakini kila mwaka angemwona akiosha vyombo kimya, akimwaza baba yake.

“Panda,” akasema. “Msindikize. Mimi nipo hapa.”

“Na nisiporudi?”

“Sahani yako nitailinda.”

Alipanda mtumbwi. Mwandu alisimama majini mpaka suruali ikalowa magotini, akiwatazama baba na binti wakivutwa juu kwenye meli, hadi meli ikageuka na kuelekea kaskazini, kule alikokuwa anakuogopa.

Alingoja. Siku alizolipia zikaisha, akamwomba Sista Capitoline ampe kazi, akawa anapasua kuni na kuchota maji kwa ajili ya chakula chake na cha mwenzake. Sahani ziliendelea kuwekwa mbili. Siku nyingine alikuwa na uhakika atarudi. Siku nyingine alikuwa na uhakika hatarudi, na siku hizo alipasua kuni nyingi zaidi. Wavuvi walimzoea wakawa wanampa habari za meli bila kuulizwa.

Meli iliporudi kutoka kaskazini, Mwandu hakwenda ufukweni. Alikaa mezani, mbele ya sahani mbili, akitazama mlango. Alisikia honi, akasikia kelele za mitumbwi, akasikia kelele zinaisha, watu wametawanyika. Wali ukapoa.

Spès akaingia, viatu mkononi, gauni limelowa hadi kiunoni.

“Chai ya kwenye meli ni ghali kweli,” akasema. “Nimekaa na njaa tangu Kigoma.”

Wakafunga ndoa Mpanda mwezi ule ule. Fungate waliifanyia nyuma ya duka la mchele, na Katarina ndiye aliyeleta chakula.

Oktoba, redio ikatangaza habari za Burundi: rais mpya ameuawa, na watu wanauana. Spès aliacha cherehani akakaa chini ya redio siku nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Majina ya wazee wa kawaida hayatangazwi redioni. Barua alizoandika hazikujibiwa, na watu waliovuka tena ziwa kukimbia hawakuwa na habari za mzee Celestin.

Yule mtamba mwenye baka begani alizaa mwaka uliofuata. Ng'ombe wengine Mwandu aliwauza ilipobidi, kama kila mfanyabiashara. Huyo hakumuuza, wala wanawe. Na mpaka leo, ikiwa meli inapita kwenda kaskazini na Spès akasema anataka kwenda Karema kuitazama, Mwandu haulizi gharama. Anafunga duka, wanapanda lori, wanakaa kwa masista wakitazama ziwa, na Sista akija kuandaa meza anamwomba aweke sahani tatu, moja ya mzee Celestin.