Jael Hakazi kwa Paipu

Jumatano, kwenye vibanda vya jua kali mjini Kakamega, nyundo zilipiga kelele hata kusikia jina lako ilikuwa bahati. Makhanu, dereva wa trekta la miwa, akasimama mbele ya binti mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi na kitambaa cha njano kichwani.

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwangalia. Naitwa Jael, wa Malinya."

Makhanu akatabasamu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Moyo wa Jael ukaruka. Mkono wake ukaendelea kupanga bolti.

"Nitafutie bolti za tela kama hii. Kuukuu tu, nitakaza mwenyewe."

"Unakazanga na nini?"

"Spana na paipu ndefu! Naning'inia mpaka ilie."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ukimshika sawasawa anakushikilia, ukimkaba anakukatikia."

"Mwanamke!"

Mafundi wakaangua kicheko.

"Bolti, baba." Jael akalaza ile kuukuu meno kwa meno na mpya. "Ona, mwanga unapita. Imevutika. Kuukuu za tela siuzi, na hii usiirudishe kwenye tela."

"Sema tu unatudharau watu wa miwa!" Makhanu akainyakua bolti yake, akaenda.

Siku tatu Jael alikula obusuma, ugali wa kwao, bila kusikia ladha.

"Ungemuuzia tu," dada yake Tracy akamwambia. "Wanaume wazuri wako wapi siku hizi?"

"Nimuuzie kifo ndio nipate bwana?"

Siku ya nne simu ikalia.

"Ni mtu wa miwa. Namba nimeitoa kwa kibao chako. Maneno yako yaliniwasha, nikaifungua tena ile bolti niliyoirudisha. Ina ufa shingoni, Jael! Na unajua watoto wanavyofuatanga tela wakichomoa miwa. Niko foleni ya mizani ya kiwanda cha sukari. Leta mpya, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Njoo kwanza."

Kwenye mizani madereva walikuwa wamejaa. "Mwanamke akaze tela?" mmoja akacheka. Jael akaingiza bolti mpya na washa, vile visahani vya chuma, akazungusha nati kwa vidole mpaka zikagoma, kisha akazikaza kwa spana fupi, moja baada ya nyingine, bila kuning'inia. Akaongeza nati ya pili juu ya kila moja.

"Huyu ndiye fundi wangu!" Makhanu akapaza sauti. "Mimi ndiye nilikuwa nakosea, mnasikia?" Kisha akaishusha: "Wazee wangu waje kwenu Malinya kuposa lini?"

"Jumamosi ijayo. Lakini waambie mapema, kazi yangu siachi."

"Uiache? Mimi nitawatangulia nikijisifu njia nzima."

Jael akainua kidevu, akapita katikati ya madereva. Wakampisha.