Beringi kwenye Kopo la Maziwa

Maiti ya Thadei ilikutwa saa mbili asubuhi kando ya kalvati, barabara ya Sitalike, shati jeupe la usaili wa kazi likiwa bado limechomekwa vizuri. Pikipiki yake ilikuwa imelala mbele kidogo. Juu ya lami gurudumu la nyuma lilikuwa limechora mstari mmoja mweusi, mrefu, ulionyooka.

Watu walishasema ni pombe. Inspekta Pelagia akautazama ule mstari. Mlevi huyumba. Hili gurudumu lilikuwa limejifunga ghafla.

Baada ya maziko, mama wa marehemu, Emerensiana wa mtaa wa Makanyagio, akaja kituoni na kopo la maziwa ya unga.

"Mwanangu," akamwambia Inspekta, "usiniandikie kwamba Thadei alikuwa amelewa. Tangu Kwaresima hakugusa kitu. Nitaingiaje kanisani?"

Akaeleza kwamba Thadei alikuwa ameiboresha injini ili pikipiki ipande milima na mizigo: pistoni kubwa, kemshafti mpya inayofungua vali, na beringi mpya za kuibeba hiyo kemshafti. Fundi alikuwa Edgar, rafiki yake tangu darasa la kwanza, kijana aliyekula kwa huyo mama kama mtoto wa tumbo lake. Na kama ilivyo desturi ya mafundi wa pale, spea za zamani alimrudishia Thadei, ili aone kwamba kweli zimebadilishwa. Ndizo hizo kwenye kopo.

Inspekta akampelekea pikipiki na kopo fundi mwingine, mzee Manyanda. Mzee akafungua injini taratibu, akachomoa kipande cha chuma kilichopasuka.

"Beringi ya kem hii, afande. Gololi zake zimemwagikia kwenye cheni ya ndani, injini ikanoki, ikagoma kuzunguka, gurudumu likakaba. Lakini hii si mpya. Imelika siku nyingi."

Kisha akaziosha beringi za kwenye kopo kwa mafuta ya taa. Oili chafu ikatoka. Zikang'aa. Akaizungusha moja kwa kidole, ikazunguka kimya, bila kucheza hata kidogo.

"Hizi hazijawahi kufanya kazi," akasema.

Pelagia akazirudisha kwenye kopo. Hata pikipiki yake mwenyewe ilikuwa ikitengenezwa na Edgar.

Alimkuta gereji, akikunja nguo za kazi. Alikuwa ameshapata nafasi ya udereva kule Sitalike, kwenye hifadhi ya wanyama. Nafasi ilikuwa moja, na majina ya mwisho yalikuwa mawili: lake na la Thadei.

Kituoni, Inspekta akaweka beringi mezani.

"Za nani hizi?"

"Za zamani za Thadei, afande."

"Zizungushe."

Edgar hakunyoosha mkono.

"Ulimfungia mbovu zilezile, mpya ukazipaka oili chafu, ukampa kama za zamani. Kwa nini hukumrudishia mbovu nyingine?"

"Saizi ile sikuwa nayo. Na Thadei asingeondoka bila kurudishiwa za zamani. Alikuwa amekaa pale anasubiri, ananitania."

"Anakutania nini?"

"Kwamba nikikosa kazi, atanipakia bure kwenye gari la hifadhi nikaone viboko."

Akafuta uso. Akasema hakutaka afe. Alitaka pikipiki izime tu, Thadei aisukume, afike usaili umekwisha. Alijua kila mwaka Thadei anampita: darasani, kwenye kwaya, kila mahali. Safari hii yeye atangulie.

"Na wewe asubuhi ile ulikwendaje Sitalike kwenye usaili?"

"Kwa Noah ya abiria."

"Ilipita kwenye kalvati?"

"Ilipita. Watu walikuwa wamejaa. Nikaona pikipiki." Akaisogeza beringi mbali naye. "Sikushuka."

Inspekta akaandika maelezo yote, Edgar akatia sahihi. Halafu Pelagia akaenda Makanyagio mwenyewe. Akamwambia mama kwamba jalada halitasema pombe, akamweleza na alichokifanya Edgar.

Emerensiana akashukuru. Akakaa, mikono mapajani.

"Usiku wa matanga Edgar alilala hapa sebuleni," akasema. "Alikuwa anatetemeka. Nikadhani ni majonzi. Nikamfunika blanketi la Thadei."

Inspekta akaketi karibu naye.

"Asubuhi aliondoka nalo, nami nikamwachia. Mwambie alirudishe, mwanangu. Nitalifua."