Mgeni Ndani ya Sanduku la Bati

Kila asubuhi, kabla nyundo ya baba yake haijaanza kelele, Kiherehere alikuwa ameshafagia uwanja, ameshawafungulia kuku wa bibi na ameshagombana na jogoo. Jina la shuleni alikuwa nalo, tena zuri, ila nyumbani hapakuwa na mtu aliyelikumbuka. Bibi ndiye aliyembandika hili jingine siku alipomkuta, mtoto wa kike wa miaka mitatu, akihangaika kumvalisha kuku soksi asipate baridi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limemganda kama kupe.

Baba yake alikuwa fundi wa mabati. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, ikitazama barabara, na humo alitengeneza ndoo, majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Akianza kugonga, mtu aliye uani nyuma ya nyumba hasikii hata mlango ukibishwa. Bibi alisema ndiyo maana ukoo mzima huongea kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya yadi ya vyuma chakavu, na langoni pa yadi hiyo palifungwa mbwa. Kamba yake ilikuwa fupi, hata kulala alilala shingo juu. Shingo yenyewe ilikuwa imechubuka, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara. Sufuria yake ya maji ilikuwa na kutu tu, maji hakuna. Kiherehere alianza kwa kumwachia kipande cha mkate, akaendelea kwa kumletea maji katika chupa, akamalizia kwa kumsumbua mwenye yadi.

"Mjomba, huyu leo amekunywa maji?"

"Kwani wewe nani, mkaguzi?"

"Hapana, nauliza tu."

"Jana umeuliza tu. Juzi umeuliza tu. Unamtaka? Mchukue! Mimi mwenyewe nimemkuta hapa na vyuma, wala sikumwomba."

Kiherehere alipomwomba ruhusa, baba hakukataa, lakini aliweka nyundo chini kwanza, na baba akiweka nyundo chini ujue neno ni zito.

"Atalala nje. Maji yake, kivuli chake, chakula chake, na vile vitu vingine atakavyoacha uwanjani, vyote kazi yako. Siku akiteseka kwa uzembe wako, nitamtafutia watu wengine. Umeelewa?"

"Ndiyo, baba."

"Umeelewa, au umeitikia tu?"

"Nimeelewa."

Wakampa jina la Mgeni. Bibi akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe atalitafuna."

Jembe hakulitafuna, ila shida alikuwa nazo. Kila alipofunguliwa kamba, miguu ilimrudisha kule kule yadini, akaketi langoni kama aliyesahau kitu. Kiherehere alimfuata mara nne katika siku tatu. Mara ya mwisho, njiani kurudi, Mgeni alipita kibarazani kwa mshona viatu wa jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi, akaondoka na kiatu cha mteja. Cha kushoto. Kilikuwa cha bwana harusi. Kilipopatikana, kisigino kilikuwa kimeshaaga dunia.

"Nikimtia mkononi mbwa huyu, nitamkomesha!" alipiga kelele Mzee Gundi, na mtaa mzima ulisikia.

Kiherehere akaamua kwamba Mgeni hatulii kwa sababu hana nyumba. Mtoto wa fundi wa mabati akitaka nyumba atajenga kwa kitu gani? Aliokota mabaki ya bati jipya, akakata, akakunja, akapiga ribiti za kuunganishia bati kama alivyomwona baba yake akifanya. Ikatoka nyumba ya mbwa inayong'aa kama kioo, imezibwa kila upande, na kilango kimoja mbele. Baba alitoka karakanani mara moja tu. Alipitisha kidole kwenye viungo, akagusa pembe.

"Kingo hazikati. Kazi safi," akasema, akarudi kwenye oda yake ya masanduku.

Mgeni aliinusa nyumba hiyo, akapiga chafya, akaenda kulala kwenye kivuli cha shuka zilizoanikwa kwenye kamba.

"Mtu anakujengea jumba, wewe unalala chini ya shuka!" Kiherehere alimwambia, kama mtu aliyekataliwa zawadi.

Wiki hiyo hiyo Bibi alinunua tetea. Alimtia bandani, akafunga mlango, akamwachia maji na mtama. "Kuku mgeni mfungie siku tatu," alimweleza mjukuu wake. "Usipomfungia, kesho unamkuta kwa mwenyewe wa zamani. Akishakula na kulala hapa, miguu inasahau njia."

Kiherehere alisikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza hesabu. Hakugundua kwamba banda la Bibi lilikuwa la fito, upepo ukiingia huku na kutokea kule.

Kesho yake Bibi aliondoka mapema kwenda kliniki kuangaliwa magoti. Kiherehere alitupa mfupa ndani ya jumba la bati, na Mgeni alipoufuata, akasukuma ndani bakuli la maji, akaegemeza ubao mlangoni na jiwe kubwa juu ya ubao. Saa moja ile ya asubuhi kivuli cha ukuta kilikuwa kimelifunika jumba lote. Mgeni alikwaruza kidogo, akanyamaza.

"Siku tatu tu," Kiherehere alimnong'oneza kupitia bati. "Utanishukuru."

Saa nne, wakati wa mapumziko, alishika nondo ya dirisha la darasa ili achungulie wenzake wanaocheza. Aliiachia upesi, akapuliza viganja. Nondo ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Akatazama juu. Jua lilikuwa limeshapanda, na akajua kwamba ule ukuta wa nyumbani kwao sasa ulikuwa hauna kivuli hata cha kumfunika mjusi.

Hakuaga mwalimu, wala hakuchukua mkoba. Alikimbia njia nzima, na alipoingia uani alisikia kitu kimoja tu, nyundo ya baba yake ikigonga bati huko mbele, ko, ko, ko, haina habari. Akasukuma jiwe, akatupa ubao. Joto likampiga usoni kama la tanuri linapofunguliwa. Bakuli lilikuwa limepinduka, pakavu. Mgeni alitoka akipepesuka, ulimi umening'inia, mate yake mazito yakivutika kama mlenda. Alikwenda hatua tatu, akatapika, akaanguka.

"Mgeni! Amka! Mgeni!"

Nyundo ikanyamaza. Kiherehere alisikia kandambili za baba yake zikija, na katika muda huo mfupi mikono yake ilishafanya kazi ambayo kichwa hakijaituma. Ubao ulitupwa nyuma ya banda la kuku, na jiwe likafuata.

"Kuna nini?"

"Nimemkuta hivi hivi, baba. Labda... labda kala kitu."

"Kala wapi?"

Hakupanga kusema aliyosema. Mdomo ulikwenda wenyewe. "Alikuwa upande wa kwa Mzee Gundi."

Baba aligeuka akatoka, na dakika moja baadaye sauti yake ilisikika mtaa mzima. Majirani wakajaa uani kama sukari imemwagika na wao ni sisimizi. Mmoja kaja na maziwa, mwingine na mafuta ya kupikia, maana kila mtu anajua sumu hutibiwa kwa maziwa, hata ambaye hajawahi kumtibu kuku. Aliyekuwa na akili zaidi alimpigia simu daktari wa mifugo, aliyekuwa mtaa wa pili akichanja kuku.

Baba akarudi, na Mzee Gundi mbele yake, vidole vimejaa gundi, miwani imepinda.

"Mimi? Sumu? Fundi, nilitaka kumchapa kandambili, si kumzika!"

"Si ulisema utamkomesha?"

"Nilisema! Hata mke wangu nilimwambia nitamkomesha, miaka thelathini hii, na ndiye ananikomesha mimi!"

Siku nyingine watu wangecheka. Leo hakucheka mtu. Mama mmoja alisema chini kwa chini, lakini si chini sana, "Mtu anayeua mbwa leo, kesho ataua nini?" Kiherehere alimwona Mzee Gundi akilisikia neno lile. Mzee alishusha mikono yake yenye gundi, akawa kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

Daktari wa mifugo aliingia na begi lake begani, mwanamke mfupi mwenye haraka. Alipiga goti, akafunua mdomo wa Mgeni, akagusa fizi.

"Mtu asimmiminie maziwa hayo! Mbwa anayehema hivi ukimmiminia kitu kooni unamzamisha." Akatoa kichupa na sindano. "Amekula nini?"

"Sumu!" walijibu watu watano.

"Mmeiona?"

Wakatikisa vichwa.

"Nisikilizeni. Anatoka mate, anatetemeka, ametapika. Sumu hufanya hivi, na vitu vingine pia hufanya hivi. Hii dawa ni ya sumu. Kama si sumu, nikimchoma nitammalizia. Sasa, nani alikuwa wa kwanza kumwona, na alikuwa wapi?"

Macho yote yakahamia kwa Kiherehere. Baba yake naye alikuwa anamtazama. Mtoto akakumbuka nyundo iliyowekwa chini na lile neno, nitamtafutia watu wengine. Akisema kweli, Mgeni anaondoka. Asiposema, Mgeni anaondoka vile vile, ila kwa njia ya sindano. Na Mzee Gundi bado alikuwa amesimama pale, hajui pa kuweka mikono yake.

"Hakula kitu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nilimfungia mimi. Mle ndani. Tangu asubuhi. Niliweka ubao na jiwe, nikavificha. Mzee Gundi hakufanya kitu."

Daktari alinyoosha mkono akagusa bati, akauvuta upesi. Sindano ikarudi begini.

"Maji! Si ya barafu, ya kawaida. Mpelekeni kivulini. Lowesheni tumbo, kwapa, nyayo. Wewe mwenye maziwa, yaweke chini, shika hicho kifuniko upepee!"

Watu wakakimbia. Mzee Gundi ndiye aliyeleta ndoo ya kwanza. Kiherehere alilowesha shuka, akakamua juu ya tumbo la Mgeni, akalowesha tena, machozi na maji yakichanganyika hata yeye hakujua yapi ni yapi. Muda mrefu ulipita. Kisha kuhema kukapungua, jicho moja likafunguka, na Mgeni akalamba maji kidogo kwenye kiganja chake.

"Msishangilie," alisema daktari. "Joto hupika hata vya ndani. Kesho ndiyo tutajua kama figo zimepona."

Hiyo kesho ilichelewa kuja kuliko sikukuu. Baba hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hata nyundo aliigonga polepole. Jioni Kiherehere alikwenda kibarazani kwa Mzee Gundi, akasimama mbele yake.

"Mzee, nimekukosea. Niliogopa kunyang'anywa mbwa, nikakusingizia wewe."

Mzee Gundi aliendelea kushona. "Leo watu wawili wamekuja kuchukua viatu vyao ambavyo sijavimaliza. Unajua kwa nini?"

"Najua."

"Basi wafuate, uwaambie ulichoniambia."

Aliwafuata. Nyumba ya kwanza walimsikiliza mlangoni. Ya pili walimcheka. Huko aliyasema yote mara mbili, kwa sababu mama wa nyumba hiyo hasikii vizuri na ilibidi apige kelele.

Daktari aliporudi, Mgeni alisimama mwenyewe, akaenda kukojoa kwenye gurudumu la pikipiki ya daktari. "Figo zinafanya kazi," alisema daktari, akiangalia gurudumu.

Baba aliwaita wote uani. "Nilitoa neno, na neno langu si bati la kukunjwa. Mgeni ataondoka hapa kwa mwezi mmoja."

"Kwenda wapi?" Kiherehere aliuliza.

"Kwangu," alisema Mzee Gundi. "Kibaraza changu kina kivuli mchana kutwa. Viatu nimeshavipandisha juu. Wewe utamletea maji asubuhi na jioni, nami nitaonja kama ni safi."

Mwezi huo haukupotea bure. Baba alishika msumeno, Kiherehere akashika mbao, wakajenga banda chini ya mti, limeinuliwa juu ya matofali maji ya mvua yasiingie, matundu chini ya paa yakipitisha hewa, na majani makavu ya kulalia yanayobadilishwa kila wiki. Bakuli lilikuwa la saruji, zito, halipinduki. Kamba ilikuwa ndefu, ikiteleza juu ya waya, na mlango haukuwekwa kabisa. Baba alisema, "Mimi nami niliangalia viungo, sikuangalia nyumba. Safari hii niliingiza kichwa ndani."

Siku Mgeni aliporudishwa, alizunguka banda mara moja, akaingia, akajilaza. Bibi alivuta kigoda karibu na mjukuu wake.

"Sikia, mama. Mimi ndiye niliyekwambia habari za kuku, kwa hiyo lile kosa la kumfungia tunagawana, hata baba yako ana kipande chake. Mtu asiyejua hukosea, akafunzwa, yakaisha. Lakini ule uongo ulikuwa wako peke yako. Umemfanya daktari ashike sindano ya kuua, na jirani aonekane muuaji. Mnyama hawezi kusema kilichompata. Anayemfuga ndiye mdomo wake, na mdomo ukidanganya, mnyama anakufa. Ukikosea, sema pale pale, kosa likiwa bado lina dawa."

"Nimeelewa, bibi."

"Umeelewa, au..."

"Nimeelewa," alisema Kiherehere, akainuka kwenda kuteka maji.