Ubao Uliomgeuza Mtoto

Ndugu zangu, asubuhi ile nyumbani kwa seremala kulikuwa shwari. Fundi anapiga randa, mkewe anakunja nguo, na binti yao, mwenye mwaka na nusu, anachezea maranda sakafuni. Ndipo mhudumu wa afya akabisha hodi.

Alieleza kwa upole kwamba kuna huduma ya bure kwa watoto wanaochelewa kusema au kutembea, au wasiosikia vizuri, ila hupokelewa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Seremala akamtazama toka kichwani hadi viatuni. Bure? Nani kamtuma? Nani mtaani kapeleka maneno? Alimshuku hata shemeji yake. Alijua fika kwamba binti yake haitiki akiitwa, lakini aliogopa aitwe bubu na watu wapate la kusema.

Mhudumu akakaa nyuma ya mtoto, akatikisa njuga. Seremala naye akakanyaga ubao wa sakafu, taratibu, kama anayejinyoosha. Mtetemo ukampata mtoto makalioni, akageuka. Njuga ikarudiwa, na mguu ukarudia.

"Baba, na mkimwita huwa anaitika?" mhudumu aliuliza, hajaridhika.

"Si umemwona mwenyewe? Au ulitaka awe kiziwi?"

Basi mhudumu akasema kwa sasa mtoto hana sifa ya kupokelewa, ila wakiona tatizo wawahi. Seremala alicheka kutwa, eti kampiga chenga msomi. Mkewe alikuwa ameuona ule mguu. Alinyamaza, na hapo nami namlaumu.

Binti alipopita miaka mitatu, wenzake walichoka kucheza naye. Alivuta watu nguo na kupiga mayowe, haeleweki anataka nini. Mama akampeleka hospitali. Daktari akasema hasikii tangu kuzaliwa, na angeanza mapema kufundishwa lugha ya ishara, leo angekuwa anazungumza na wazazi wake. Umri wa kupokelewa kwenye huduma ile umeshampita. Sasa asubiri nafasi kwingine, na foleni ni ndefu.

Seremala akaanza kumlaumu mhudumu. Mkewe akamkatiza.

"Mwanangu hajawahi kuniita mama kwa namna yoyote, na wewe ulikuwa unacheka."

Funzo

Kumshuku mgeni si kosa. Mwulize katoka wapi, omba kitambulisho. Lakini usimfiche mwanao. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto kuchelewa si aibu. Aibu ni mzazi kumchelewesha.